Moyo wa mgonjwa wa akili nani anaupima? Majibu ya barua zenu

Barua nyingi za safari hii hazikuandikwa na wagonjwa wenyewe bali na watu wao wa karibu: dada, mke, mtoto, jirani. Kila mmoja ana swali lake, lakini wote wanalalamikia jambo moja. Mgonjwa anahudhuria kliniki ya afya ya akili mwaka nenda mwaka rudi, anaulizwa kama bado anasikia sauti na kama analala, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Presha hapimwi. Uzito hapimwi. Akienda zahanati kwa shida ya kifua, wakishaona kadi yake wanamrudisha kulekule alikotoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 kabla ya watu wengine. Vifo vilivyo vingi kati ya hivyo vinatokana na maradhi ya mwili, na maradhi ya moyo na mishipa ya damu yako mstari wa mbele. Haya ni maradhi ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuyapima na kuyatibu.

Majina ya dawa tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Ukienda hospitali beba pakiti yenyewe, usitegemee kukumbuka jina.

Amepona sauti, lakini ameongezeka kilo 18

*Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Anatumia olanzapini miligramu 10 kila usiku, huu ni mwezi wa nane. Sauti zimekwisha, na amerudi kusaidia dukani. Lakini ametoka kilo 61 hadi 79, anaamka usiku kula, na suruali zote zimembana. Mama anasema amenawiri, dawa imefanya kazi yake, sasa aache. Tufanyeje? (Dada, Morogoro)*

Dada, dawa asiache. Olanzapini ikikatwa ghafla ugonjwa hurudi kwa wengi, na kila unaporudi huwa vigumu zaidi kumfikisha pale alipokuwa. Na wale wanaosema heri aache kuliko kuharibu moyo wajue hili: utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia kwa miaka 11 wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ulikuta kwamba waliotumia dawa kwa miaka mingi walikufa wachache kuliko ambao hawakutumia dawa yoyote. Tunachotaka ni dawa iendelee na mwili ulindwe, vyote viwili.

Lakini mama naye aelezwe kwa upole kwamba huku si kunawiri. Kilo 18 juu ya 61 ni karibu asilimia 30. Kliniki inatakiwa kuchukua hatua uzito ukipanda asilimia 5 tu ndani ya mwezi wa kwanza, ambazo kwake ni kilo 3. Mngeshughulikia jambo hili miezi saba iliyopita lingekuwa jepesi, ila hata sasa halijachelewa.

Kwa nini anakula hivyo? Olanzapini huziba vipokezi fulani vya ubongo, vya histamini na serotonini, ambavyo ndivyo vinavyoujulisha mwili kwamba umeshiba. Njaa yake ni ya kweli, anaisikia tumboni kama wewe unavyoisikia baada ya kufunga siku nzima. Kumwita mlafi ni kumwonea. Dawa hiyohiyo inamlaza, kwa hiyo anatembea kidogo. Kama anapewa pia benzheksoli kwa ajili ya kukakamaa misuli, mdomo unakauka, na kijana mwenye mdomo mkavu akiwa dukani atafungua soda. Soda ya nusu lita ina gramu 50 na zaidi za sukari, sawa na vijiko vya chai 12 au 13. Tatu kwa siku ni karibu vijiko 40 kabla hajagusa chakula.

Wiki hii fanyeni vipimo vinne. Uzito, kwenye mizani ileile kila mara, asubuhi, akiwa na nguo nyepesi bila viatu. Mzunguko wa kiuno, kwa futi ya fundi cherehani: tafuta mfupa wa mwisho wa ubavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hivyo viwili, na usome akishatoa pumzi. Watu wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya tumbo, wakapata namba ya kuwafariji. Kwa mwanaume sentimita 94 kwenda juu ni hatari, kwa mwanamke 80.

Cha tatu ni presha. Akae dakika tano akiwa ameegemea, miguu imekanyaga chini na haijakunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkojo ameshautoa, na nusu saa kabla ya hapo asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Pima mara mbili. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90, na ikijirudia siku tofauti, ni shinikizo la damu.

Cha nne ni damu: sukari baada ya kukaa saa 8 bila kula, na lehemu, yaani mafuta ya damu. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 (mmol/L) ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari, lakini iko njiani.

Hivi vipimo vilitakiwa vifanyike kabla ya kidonge cha kwanza, uzito ukafuata kila wiki kwa wiki sita, kisha vyote virudiwe mwezi wa tatu, na baada ya hapo kila mwaka. Kwake anzeni sasa kana kwamba ndiyo siku ya kwanza.

Mkiwa na namba mkononi, mwulizeni daktari wa kliniki mambo matatu. Je, dozi inaweza kupunguzwa? Je, anaweza kuhamishiwa dawa isiyonenepesha sana? Aripiprazoli ikipatikana ni nyepesi zaidi kwa uzito. Haloperidoli pia hainenepeshi kama olanzapini, ingawa hukakamaza misuli. Risperidoni iko katikati. Kuhama hufanywa taratibu kwa wiki kadhaa, dawa mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka, na si kazi ya kufanyia nyumbani. Kijana aliyepoa vizuri kwa olanzapini anaweza kuambiwa abaki nayo, na huo nao ni uamuzi wa busara.

La tatu ni metformini. Hii ni dawa ya kisukari, lakini hutolewa pia kwa wanaonenepeshwa na dawa za akili hata kama sukari yao ni nzuri. Kwa wastani hupunguza kilo 3 hivi, na kikubwa zaidi huzuia uzito usiendelee kupanda. Mpango wa kawaida ni miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, kisha kuongeza 500 kila baada ya wiki moja au mbili, hadi 1000 asubuhi na 1000 jioni kama tumbo linakubali. Wengi huiacha siku ya tatu kwa sababu ya kuharisha na kichefuchefu, na mara nyingi kosa ni kwamba ilianza kwa kasi au alimeza tumbo likiwa tupu. Kabla ya kuanza apimwe figo.

Kuhusu chakula, msimpe adhabu peke yake huku nyumba nzima inakula wali wa nazi mbele yake. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali ubaki ukubwa wa ngumi yake, maharage au samaki robo. Chai vijiko viwili vishuke kimoja, baada ya wiki mbili visiwepo. Soda dukani badilisheni kwa chupa ya maji yenye kipande cha ndimu, maana mdomo mkavu unahitaji kulowana tu. Usiku ndiko kwenye vita. Msiache chapati na ugali uliobaki jikoni. Wekeni kile ambacho mko tayari akile: tango, karoti, yai la kuchemsha, maharage bila kitu kingine. Ataamka, na atakula kilichopo.

Atembee dakika kumi jioni na mtu wa kuongea naye, mfike nusu saa siku tano za wiki ndani ya miezi miwili. Asubuhi mapema haifai, dawa ya usiku bado imemlemea.

Na hili lishikeni: akianza kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi, akakonda ghafla na kulegea, apimwe sukari siku hiyohiyo. Olanzapini na klozapini zinaweza kuleta kisukari kikali kwa mtu ambaye hakuwa nacho kabisa, na mgonjwa aliyelegea hivyo mara nyingi huchukuliwa kuwa "amezidiwa na dawa" akaachwa alale.

Lithiamu na dawa ya presha

*Mama yangu ana miaka 58, anatumia lithiamu miaka mingi kwa ugonjwa wa bipola na ametulia kabisa. Mwezi uliopita alikutwa na presha 160/100, akapewa losartani iliyochanganywa na haidroklorotiazidi, akaambiwa aache chumvi. Sasa mikono inatetemeka, anaharisha, na akitembea anayumba. Pia anasema atafunga Ramadhani kama kawaida. Presha ndiyo inamfanya hivi? (Mtoto wake, Mombasa)*

Usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu. Mpeleke mama hospitali leo, dozi inayofuata ya lithiamu isimezwe mpaka daktari amwone, na ukifika sema: "Anatumia lithiamu, amewekewa dawa ya presha yenye tiazidi, ana dalili za lithiamu kuzidi." Waombe kiwango cha lithiamu katika damu, kreatinini ya figo, sodiamu na potasiamu.

Kilichotokea ni hiki. Figo haitofautishi vizuri lithiamu na sodiamu, yaani chumvi. Mwili ukikosa chumvi, figo huanza kuizuia isitoke, na lithiamu huzuiwa pamoja nayo. Tiazidi ni dawa ya kukojoza inayotoa sodiamu, na peke yake inaweza kupandisha lithiamu kwa robo au zaidi. Losartani nayo huipandisha. Kuacha chumvi ghafla huipandisha. Mama amewekewa vitatu kwa siku moja, kisha akaanza kuharisha, na kuharisha kunamkausha maji. Mikono kutetemeka kidogo tu ni kawaida kwa wengi wanaotumia lithiamu. Kutetemeka kwa nguvu pamoja na kuharisha na kuyumba si kawaida. Kikifuata kusema kwa kukokota au kuchanganyikiwa, hali ni ya dharura.

Aliyeandika dawa ya presha huenda hakuambiwa kuhusu lithiamu, au aliambiwa "anatumia dawa za akili" pasipo jina. Kwa mtu wa lithiamu, dawa ya presha inayopendelewa kuanzia ni amlodipini, kwa kawaida miligramu 5, kwa kuwa haigusi figo kwa namna hiyo. Enalaprili na lisinoprili ziko kundi moja na losartani kwa hatari hii. Daktari akilazimika kuzitumia, anaweza, ila apunguze lithiamu na apime damu baada ya wiki.

Dawa za maumivu nazo. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona, hupandisha lithiamu. Kwa goti na mgongo atumie parasetamoli.

Damu ya kupima lithiamu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikitolewa saa tatu baada ya kumeza, namba itakuwa juu na wote mtashtuka bure. Lengo kwa wengi ni 0.6 hadi 0.8 (mmol/L). Kuanzia 1.5 ni sumu, lakini kwa mtu mzima wa umri wa mama dalili zinaweza kutokea hata chini ya hapo, kwa hiyo mwangalieni yeye na si karatasi pekee. Baada ya kutulia apimwe lithiamu kila miezi mitatu mwaka huu, kisha kila sita, pamoja na figo na tezi ya shingo. Tezi ikilegea kwa sababu ya lithiamu, lehemu hupanda, na hilo nalo ni la moyo.

Chumvi asiifute. Apunguze kidogo kidogo na abaki hapo: asile chakula kisicho na chumvi wiki moja na samaki ng'onda wiki ijayo.

Kuhusu saumu, kukaa bila maji tangu alfajiri hadi magharibi katika joto la pwani, kwa mtu aliyetoka kupata sumu ya lithiamu miezi hii, hatushauri. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kutofunga, na mwambieni imamu wa msikiti wenu amthibitishie mwenyewe, maana wazazi wetu husikiliza zaidi wakiambiwa na yeye.

Mume wangu anataka kuacha sigara

*Anatumia klozapini 400 kwa siku na anavuta pakiti nzima. Daktari wa moyo amemwambia aache sigara. Mtu mmoja kliniki akatuambia wagonjwa wa klozapini wakiacha sigara huchanganyikiwa. Nimsikilize nani? (Mke, Nairobi)*

Daktari wa moyo yuko sahihi, na huyo mtu wa kliniki ameshika nusu ya ukweli. Moshi wa tumbaku huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja klozapini na olanzapini. Mvutaji hupewa dozi kubwa kwa sababu nyingi yake inaharibiwa na ini. Akiacha ghafla, ini hupoa ndani ya wiki moja hivi, na miligramu 400 zilezile zinakuwa nyingi mno mwilini: anasinzia mchana kutwa, mate yanamtoka, presha inashuka akisimama, choo kinafunga, na akizidiwa anaweza kupata degedege.

Kwa hiyo aache, ila kwa mpango. Mpange siku na daktari wa akili mapema. Kiwango cha klozapini kipimwe kabla kama maabara inaweza. Wengi hupunguziwa dozi kwa karibu robo, kidogo kidogo katika wiki hiyo ya kwanza, kisha wanapimwa tena. Kinachoamsha ini ni moshi, nikotini haihusiki. Kwa hiyo plasta au chingamu za nikotini za kutafuna zinamsaidia na hamu lakini hazizuii klozapini kupanda. Dozi bado lazima iangaliwe. Bupropioni asipewe, inaongeza hatari ya degedege juu ya ile ya klozapini. Vareniklini ilichunguzwa kwa maelfu ya watu, wakiwemo wenye maradhi ya akili, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, na haikuonekana kuongeza matatizo makubwa ya akili kuliko kidonge kisicho na dawa.

Akirudia kuvuta, mwambie daktari bila kuona haya, hata kama ni baada ya mwezi. Dozi iliyopunguzwa haitamtosha tena, na ugonjwa utarudi watu wakidhani dawa imeshindwa. Hali hii hutokea pia mgonjwa akilazwa wodi isiyoruhusu sigara: kiwango cha dawa kinapanda akiwa ndani, kinashuka akitoka na kurudia kuvuta.

Na choo kila siku muulize. Klozapini hufanya matumbo yasukume polepole, na kufunga choo siku tatu kwake ni sababu ya kwenda hospitali.

"Wanasema ni mawazo yake"

*Dada yangu ana skizofrenia na kisukari. Mara mbili amelalamika kuna mtu anamkalia kifuani, akapelekwa kituo cha afya, wakamchoma sindano ya kumtuliza. Hakupimwa chochote. Tutajuaje kama ni moyo? (Kaka, Mwanza)*

Hili linatuuma, kwa sababu linatokea kila mahali na linaua. Mtu mwenye skizofrenia ana kila sababu ya kupata ugonjwa wa moyo mapema, na dada yako ana kisukari juu yake. Tena ataeleza maumivu kwa lugha yake. "Mtu ananikalia kifuani" ndivyo hasa maumivu ya moyo yanavyosikika: uzito, kubanwa, kukandamizwa. Anayesikia neno "mtu" huandika kwamba maruweruwe yamerudi.

Mwulize maswali mafupi. Inaanza ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, ikitulia ukikaa? Inakwenda mkononi, shingoni, tayani, mgongoni? Je, ametokwa jasho la baridi, anatapika, anahema? Kwa wanawake na kwa wenye kisukari, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa: wanahema tu, wamechoka isivyo kawaida, tumbo la juu linauma. Ikiwa ni jambo jipya na limezidi dakika kumi, ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mtafunishe aspirini ya miligramu 300, isimezwe nzima, kama hana mzio nayo na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Kisha nendeni kwenye hospitali yenye mashine ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hata kama kituo cha afya ndicho cha karibu.

Mlangoni anza na kifua. "Ana miaka kadhaa, ana kisukari, kifua kinabana tangu saa fulani, anatokwa jasho." Skizofrenia utaitaja ukiulizwa maradhi mengine na dawa, na hapo uitaje wazi bila kuficha. Mpangilio huu wa maneno hubadilisha anapelekwa chumba gani. Omba ECG, inatakiwa ifanyike ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa wa kifua anapofika. Omba pia kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia, na ukumbuke kwamba cha kwanza kikiwa kizuri mapema mno, hurudiwa baada ya saa kadhaa. Wakisema apewe sindano ya kutuliza kwanza, jibu kwa heshima: "Sawa daktari, ila tunaomba ECG kabla ya sindano." Kuna sababu ya kitabibu: baadhi ya sindano hizo, haloperidoli na klorpromazini zikiwemo, zenyewe hugusa umeme wa moyo.

Vipimo vikiwa safi, msione mmepoteza nauli. Karatasi ya ECG iliyo nzuri itunzeni, maana siku nyingine daktari ataifananisha na mpya. Na kwa kuwa ana kisukari, akifika miaka 40 mwulizeni daktari kuhusu atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, hata kama lehemu yake si ya kutisha. Kama hajafika, daktari aamue kwa kuangalia hatari zake nyingine.

Haloperidoli na dawa mseto ya malaria

*Kijana wetu anatumia haloperidoli na amitriptilini. Duka la dawa walikataa kumuuzia mseto, wakasema utasimamisha moyo wake. Ni kweli? (Mzazi, Kigoma)*

Tahadhari ipo, ila kumnyima mtu dawa ya malaria ni kumhatarisha zaidi. Malaria isiyotibiwa inaua haraka.

Moyo ukishapiga, umeme wake huhitaji muda mfupi kujipanga upya kabla ya pigo linalofuata. Haloperidoli na amitriptilini hurefusha muda huo, na lumefantrini iliyomo kwenye mseto inaweza kuurefusha pia. Ukirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika, mtu akazimia au kufa ghafla. Kwenye karatasi ya ECG namba hiyo huandikwa QTc: zaidi ya milisekunde 450 kwa mwanaume na 470 kwa mwanamke ni ndefu, na ikizidi 500 dawa zibadilishwe mara moja.

Kwa hiyo kwanza apimwe, asimeze mseto kwa homa ya kubahatisha. Malaria ikionekana, atibiwe kituo cha afya na si dukani, daktari akijua dawa zake zote. Kama amewahi kuzimia, ana ugonjwa wa moyo, au ndugu wa damu amekufa ghafla akiwa kijana, afanyiwe ECG kwanza au achaguliwe dawa nyingine ya malaria. Kwinini si mbadala salama kwa shida hii. Wakati wa dozi asiongezewe azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini wala flukonazoli bila sababu kubwa. Mchanganyiko wa aina hii, unaotolewa "kufunika kila kitu", ndio tunaouogopa. Akitapika au kuharisha apewe maji ya ORS, kwa sababu potasiamu ikishuka hatari huongezeka. Dozi ya mseto amalize siku zote tatu, ameze na chakula chenye mafuta kidogo. Moyo ukienda mbio ghafla au akizimia hata sekunde chache, hospitali.

Anaanguka akiamka usiku

*Baba, miaka 67, anatumia klorpromazini 200 usiku na amlodipini. Ameanguka mara mbili akienda msalani. (Zanzibar)*

Presha inamshuka akisimama. Pimeni akiwa amelala, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, mwambieni daktari, apunguze au abadilishe klorpromazini kabla ya kugusa dawa ya presha. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, akojoe ameketi, na taa iwake. Kama anatumia pia dawa ya tezi dume, itajeni, kwa kuwa nyingi zinashusha presha hivyohivyo.

Haendi kliniki ya presha, sindano tu

*Jirani yetu anaishi peke yake. Sindano yake ya kila mwezi ya ugonjwa wa akili hakosi, lakini kliniki nyingine zote anakataa. Tumsaidieje? (Arusha)*

Tumieni siku ya sindano. Anakuja kwa hiari yake, mkono ameshautoa, muuguzi yuko mbele yake. Ombeni muuguzi ampime presha na uzito kabla ya kuchoma, kila mwezi, dakika tano haziishi. Mara moja kwa mwaka aje hajala asubuhi, atolewe damu ya sukari na lehemu palepale, na mmoja wenu awe na chai na maandazi ya kumpa akishamaliza, kwa kuwa kukaa na njaa ndiko kunakomkatisha tamaa. Presha ikiwa juu mara mbili, dawa iandikwe hapohapo na daktari wa kituo badala ya kumpa barua ya rufaa asiyoipeleka. Dawa ya presha ichaguliwe ya kumeza mara moja kwa siku.

Nyuma ya kadi yake ya sindano chora mistari mitano: tarehe, kilo, kiuno, presha, sukari. Kiuno mpime kila miezi mitatu kwa futi. Kadi asiipoteze: ipigeni picha kila mwezi kwa simu, mara tu muuguzi akishaandika.